Stempu Ambazo Hazikutolewa: Uhakiki wa Majina Matano ya Mwaka 1916

Katika semina moja ya pragmatiki tuliyoiendesha mjini Butembo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitoa katika daftari lake fotokopi ya ukurasa wa katalogi ya stempu. Ilionyesha stempu ya Kongo ya Wabelgiji ya toleo la 1915, yenye picha ya bandari ya Matadi. Juu ya picha hiyo, kwa herufi kubwa, lilikuwa limepigwa neno moja tu: RUANDA. Mwanafunzi akauliza, "Asistenti, tembre hii inathibitisha nini?"

Kabla sijafungua kinywa wenzake walikwisha kumjibu. Mmoja alisema inathibitisha kwamba Rwanda ilikuwa sehemu ya Kongo, kwa kuwa karatasi ni ya Kongo. Mwingine alisema la, inathibitisha kinyume chake: jina lililo juu ndilo lenye mali, na kwa hiyo kuna watu walioiona Kongo kuwa ni ya Rwanda tangu zamani hizo. Wa tatu alisema stempu ni ya bandia na mjadala wote ni wa bure. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kivu kwa nini sauti zilipanda. Hapa kwetu ramani ya zamani haisomwi kama karatasi ya makumbusho. Watu wamefukuzwa katika mashamba yao kwa hoja zilizoanza na ramani. Muda wa semina uliisha hali wanafunzi wengine wamekwisha simama.

Makala haya yalianzia hapo, na nia yake ni finyu. Hatukusudii kuandika historia ya posta ya Kongo, kazi ambayo wapo walioifanya kwa bidii kubwa. Tunakusudia kuyasoma maneno yaliyopigwa juu ya stempu hizo kama maneno, kwa zana za kawaida za isimu, na kuuliza swali moja: neno ambalo mamlaka imelichapa kisha likazuiwa lisienee, je, limesemwa au halikusemwa?

Kwanza istilahi. Kiswahili sanifu husema stempu; sisi wa upande huu husema tembre, kutokana na Kifaransa, na muhuri wa ofisi tunauita kashe. Nitatumia stempu na muhuri. Maandishi yanayoongezwa juu ya stempu iliyokwisha chapwa, ili kuibadili nchi, thamani au matumizi, nitayaita chapa ya juu. Tena lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo wakusanyaji huvichanganya kwa sababu vyote viwili huuzwa ghali. Stempu adimu ni stempu iliyotoka, ikafanya kazi yake, kisha zikabaki chache. Stempu isiyotolewa ni ile iliyotayarishwa, ikakauka wino, halafu mlango wa posta haukufunguliwa mbele yake, au ulifunguliwa kidogo ukafungwa tena. Ya kwanza ni suala la hesabu. Ya pili karibu daima ni suala la siasa.

Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalivuka mpaka na kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kigali ilichukuliwa mwezi Mei, Usumbura mwezi Juni, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mamia kwa maelfu ya wapagazi, wengi wao wakitoka mashariki ya Kongo, walibeba mizigo ya vita hiyo vichwani, na wengi hawakurudi. Nyuma ya majeshi ilikuja posta, kwa kuwa askari wa Kizungu waliandika barua na utawala uliandika zaidi. Ndipo stempu za Kongo za 1915 zilipopigwa chapa ya juu yenye majina: RUANDA na URUNDI, na vilevile KAREMA, KIGOMA na TABORA. Wakusanyaji huziita stempu za Tombeur hadi leo.

Maisha yake yalikuwa mafupi. RUANDA na URUNDI matumizi yake katika posta yalikuwa haba mno. KAREMA, KIGOMA na TABORA hazikuidhinishwa rasmi. Mwaka huohuo wa 1916 stempu zilezile za Kongo zilipigwa chapa nyingine, ndefu, ya mistari minne: EST AFRICAIN ALLEMAND, OCCUPATION BELGE, na chini yake DUITSCH OOST AFRIKA, BELGISCHE BEZETTING. Yaani: Afrika Mashariki ya Wajerumani, ukaliaji wa Wabelgiji, mara moja kwa Kifaransa na mara moja kwa Kiholanzi. Hiyo ndiyo iliyotoka, ikatumika, na kujaa katika mikusanyo.

Katalogi zimelishughulikiaje jambo hili? Zimelishughulikia kama kasoro ya uchapaji. Majina mawili ya kwanza hupewa namba na bei. Matatu ya mwisho hupewa sentensi moja ya kuwatahadharisha wanunuzi. Kisha hufuata onyo kwamba chapa za kughushi ni nyingi, onyo la haki kabisa, maana ni rahisi sana kupiga neno moja juu ya stempu ya kweli. Mwanafunzi wetu wa tatu hakuwa mjinga. Lakini katalogi haiulizi kwa nini neno moja liondolewe na maneno kumi yawekwe mahali pake. Mtu apunguzaye gharama za uchapaji hafanyi hivyo.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotoka 1962 baada ya kifo chake, aliwafundisha wanaisimu kwamba kuna semi zisizoeleza jambo bali hulitenda: kuapa, kuahidi, kuusia mali, kuipa meli jina. Semi hizo hazipimwi kwa ukweli na uongo. Hupimwa kwa kufaulu na kutofaulu, na zina masharti: awepo mwenye mamlaka, pawepo utaratibu unaokubalika, na wote wautimize. Mtu asiyehusika akiivunja chupa ubavuni mwa meli na kutamka jina lake mwenyewe, meli haijapewa jina.

Stempu ni usemi wa namna hiyo. Jina la nchi lililoandikwa juu yake halimwelezi msomaji barua imetoka wapi, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na muhuri. Jina la nchi linatenda: linasema kwamba mwenye jina hili ana haki ya kupokea fedha na kuahidi, mbele ya posta zote za dunia, kwamba barua itafika. Ndiyo maana Leopold II aliharakisha. Dola Huru ya Kongo ilitambuliwa 1885, na tarehe 1 Januari 1886 ilikuwa imekwisha toa stempu zenye uso wake na kuingia katika Umoja wa Posta Ulimwenguni, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi hiyo haikuwa imemwona mjumbe wake hata mmoja. Barua zenyewe zilikuwa chache; kilichotafutwa kwanza ni usemi.

Kwa kipimo hicho stempu isiyotolewa ni tendo-usemi lililovunjika, na kila mvunjiko unatuambia ni sharti lipi lililokosekana. Kabla ya kurudi kwa Tombeur ni vema tuone mfano wa upande wa pili wa vita hiyohiyo, kwa maana bila kulinganisha tunaweza kudhani kwamba kila stempu iliyozuiwa ilizuiwa na waziri.

Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa baharini na manowari za Kiingereza. Stempu zao, zenye picha ya meli ya Kaizari, zilichapwa Ujerumani, nazo zilianza kupungua. Mwanzoni mwa 1916 wakaiendea mashine ya misheni ya Kiinjili huko Wuga, katika milima ya Usambara, wakachapa stempu za viwango vitatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Zilikuwa za kiasi sana, maandishi na tarakimu ndani ya fremu ya mapambo ya kawaida ya mpiga chapa. Wakati zikiwa tayari, mwezi Machi 1916, meli iitwayo Marie iliupenya mzingiro ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini, ikiwa na silaha, dawa, na pia stempu kutoka Ujerumani. Haja ya zile za Wuga ikatoweka kwa siku moja. Zilifichwa, na adui alipokaribia zilizikwa ardhini katika shamba karibu na Morogoro ili zisiangukie mikononi mwake. Baada ya vita, mwaka 1921, zilifukuliwa kwa ruhusa ya Waingereza zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Katalogi ya Kijerumani ya Michel, ambayo huziwekea stempu zisizotolewa tarakimu za Kirumi, imeziweka zile za Wuga nje ya mfululizo wa dola namna hiyo.

Hapa masharti yote ya Austin yalikuwepo isipokuwa tukio lenyewe. Mwenye mamlaka alikuwa gavana halali, utaratibu ulikuwepo, neno lilikuwa lilelile la zamani, Deutsch-Ostafrika. Hakuna aliyelipinga. Usemi haukutamkwa kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kuutamka. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, Wuga ina mambo mawili ambayo katalogi haiyaoni. La kwanza ni mahali penyewe. Wuga ni Vuga, makao ya kale ya wafalme Wakilindi wa Usambara. Na Vuga Press ni jina ambalo kila aliyepekua vitabu vya Kiswahili vya Walutheri wa Tanganyika amelikuta ukurasa wa kwanza. La pili ni neno heller. Stempu za mwanzo za Wajerumani katika nchi hiyo, mwaka 1893, zilikuwa stempu za Ujerumani zilizopigwa chapa ya juu yenye neno PESA, neno la soko la pwani lenye asili ya Kihindi. Mfumo wa fedha ulipobadilishwa, kufikia 1905, pesa ikaondoka kwenye stempu na heller ikaingia. Dola iliyoleta heller imekwisha kuzikwa zaidi ya miaka mia moja, na stempu zake za mwisho zilizikwa hasa. Watanzania bado wanaulizana kama mtu ana hela. Sisi huku hatusemi hela. Tunasema feza au franga, kwa kuwa tulikuwa na mabwana wengine.

Turudi Kivu na upande wa magharibi. Chapa ya mistari minne ilikuwa sahihi kisheria kwa kiwango cha kuchosha. Kanuni za Hague za 1907 zinatambua ukaliaji wa kijeshi kuwa ni hali ya mpito: anayekalia anatawala lakini hajawa mwenye nchi, na anatakiwa aziheshimu sheria alizozikuta kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo kuandika "Afrika Mashariki ya Wajerumani, ukaliaji wa Wabelgiji" ni kukiri mbele ya dunia kwamba nchi ni ya mwingine, sisi tumeishika tu. Ubelgiji wenyewe wakati huo ulikuwa karibu wote chini ya ukaliaji wa Wajerumani, na serikali yake ilikuwa uhamishoni Ufaransa, jirani na Le Havre. Serikali iliyokuwa ikilalamika kila siku kwamba mkaliaji hana haki ya kuifanya nchi kuwa yake isingeweza kwa urahisi kubandika majina mapya juu ya nchi aliyoikalia yeye.

Sababu nyingine ilikuwa ya biashara ya kisiasa. Ubelgiji haukuwa umeamua kubaki Ruanda na Urundi. Matumaini yake makubwa yalikuwa kuzitumia nchi hizo kama rehani katika mapatano ya amani, ili kwa mzunguko wa kubadilishana na Waingereza na Wareno upate ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo. Mtu hapaki rangi mlango wa nyumba anayotaka kuibadilisha. Mpango huo ulishindikana, na mapatano ya Orts na Milner ya 1919 yakauachia Ubelgiji Ruanda na Urundi. Tabora ilikuwa imekabidhiwa kwa Waingereza 1917. Kigoma ilifuata 1921, Wabelgiji wakibakiwa na haki za bandari.

Msomaji akiyatazama sasa majina yale matano ataona kwamba hayakuwa ya aina moja. Ruanda na Urundi yalikuwa majina ya falme, ambazo hata Wajerumani walizitawala kwa namna ya pekee, kila moja ikiwa na mkaazi wake. Kulipiga jina la ufalme peke yake juu ya stempu, bila neno "ukaliaji", ni kusema kwamba nchi hiyo imejitenga na Afrika Mashariki ya Wajerumani na kusimama yenyewe chini ya bendera mpya. Tabora na Kigoma ni miji, mmoja katikati ya reli na mwingine mwisho wake. Hakuna nchi iitwayo Tabora. Majina hayo yalikuwa ya ushindi zaidi ya utawala, na ushindi huo ulithaminiwa sana, hata Tombeur mwenyewe baadaye akavikwa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora. Karema ndiyo inayotushangaza. Ni kituo kidogo kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa Tanganyika. Lakini kilianzishwa mwaka 1879 na Mbelgiji, Kapteni Cambier, kwa niaba ya ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Leopold, kabla ya kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Nadhani, na ninasema nadhani, kwamba kulipiga jina la Karema mwaka 1916 kulikuwa kama mtu aliyerudi kwenye shamba la babake na kusimama kwenye kisiki anachokijua. Kwa hakika mzigo wa barua za Karema haukuhitaji stempu zake zenyewe.

Jenerali, basi, alikuwa na mamlaka ya kuiteka nchi lakini hakuwa na mamlaka ya kuitaja. Huo ndio mvunjiko wa pili, nao ni tofauti kabisa na ule wa Wuga: tukio lilikuwepo, haja ilikuwepo, barua zilikuwepo, msemaji ndiye hakuwa mwenyewe.

Kuna pingamizi moja ambalo ni haki kulitaja. Waingereza katika vita hiyohiyo walilipiga jina la kisiwa cha MAFIA juu ya stempu walizoziteka mwaka 1915, na hakuna waziri aliyetetemeka. Ni kweli. Ila Mafia zilikuwa chapa za dharura za kisiwa kidogo. Waingereza walipofika bara kwa utulivu walijificha nyuma ya vifupisho: I.E.F. kwa jeshi la India, N.F. kwa jeshi la Nyasaland na Rhodesia, na mwaka 1917 G.E.A., ambayo ni jina la adui lililofupishwa kwa Kiingereza. Mwingereza alinyamaza kwa herufi tatu, Mbelgiji kwa maneno kumi. Tofauti hiyo inatokana na sheria ya lugha. Mkataba wa kikoloni wa 1908 uliwalazimisha Wabelgiji kutoa sheria za Kongo kwa Kifaransa na Kiholanzi, na desturi hiyo ikavuka hadi kwenye stempu. Ugomvi wa Wafalandi na Wawaloni ukasafirishwa mpaka Tabora.

Na Tabora nani aliusoma? Hili ndilo linalotuuma sisi wa taaluma hii. Wajerumani walikuwa wameendesha shule na ofisi zao za chini kwa Kiswahili. Gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga tangu 1904 hadi 1916 na kusomwa na makarani na walimu. Mtu aliyesimama dirishani pa posta ya Tabora au Kigoma mwishoni mwa 1916, kama alijua kusoma, kwa kawaida alijua kusoma Kiswahili. Chapa ya mistari minne haikuwa na hata neno moja lake. Ilikuwa inazungumza na London, Lisbon na Berlin kupitia mgongo wa barua yake.

Hata hivyo Kiswahili kimo ndani ya moja ya yale majina matano, na kimo kwa njia ambayo mpiga chapa hakuijua. Tazama URUNDI. Warundi wenyewe huiita nchi yao Uburundi. Kiambishi cha ngeli ni bu-, nacho kimetanguliwa na irabu ya mwanzo u-. Anayedhani kwamba U- ya Urundi ni hiyo irabu ya mwanzo aeleze bu- imekwenda wapi. Haikwenda popote, haikuwemo kamwe. U- hiyo ni kiambishi cha nchi cha Kiswahili cha pwani, kilekile cha Unyamwezi, Usambara na Uganda, ambayo wenyewe huita Buganda. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliyaandika majina kama walivyoyasikia kwa viongozi wa misafara yao, wachora ramani wakayanakili, Wajerumani wakayarithi, Mbelgiji akayapiga juu ya picha ya Matadi. Hivyo sehemu pekee ya Kiswahili katika chapa zote za Wabelgiji za mwaka ule ni irabu moja.

Ni irabu ngeni hata kwetu. Kiswahili cha Kongo ya mashariki kimeshikilia bu-: tunasema bulongo, bulozi, na wenyeji wa Butembo na Beni wakizitaja nyanda zao husema Bunande. Sijamsikia mtu yeyote sokoni akisema Unande, ingawa mtahini wa sarufi sanifu angempa maksi. Kwa hiyo mtu wetu angelisoma neno URUNDI mwaka 1916 kama neno la wageni wa pwani. Warundi walipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 stempu zao za kwanza zilikuwa zile za Ruanda-Urundi zilizopigwa chapa ya juu ROYAUME DU BURUNDI. Kiambishi cha wenyewe kikarudi juu ya kile cha misafara. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mwanafunzi anaweza kuonyeshwa ngeli mbili zikigombania karatasi moja.

Zanzibar ndiyo inayotuonyesha usemi uliofaulu kwa zana zilezile. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963 zilitolewa stempu zenye picha ya Sultani Jamshid na maneno UHURU 1963. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Mwezi huohuo stempu zilizokuwa ghalani, za Jamshid na za baba yake Sultani Abdulla, zilipigwa kwa mkono, palepale kisiwani, JAMHURI 1964. Ulikuwa muhuri na wino, haraka kama ile ya jenerali, na uso wa mfalme ukibaki chini ya neno linalomfuta. Lakini hapakuwa na wizara ng'ambo ya bahari ya kuuliza nani amekuruhusu. Msemaji alikuwa mwenyewe, kwa sababu barua zilipokelewa. Zanzibar iliendelea kuwa na stempu zake hata baada ya Muungano wa Aprili 1964, hadi mwisho wa 1967. Katanga nayo mwaka 1960 ililipiga jina lake juu ya stempu za Kongo ya Wabelgiji, na Kasai ya Kusini ikafuata mwaka 1961. Hizo zilitoka, zikabandikwa, barua nyingine zikafika, na bado nchi hizo hazikutambuliwa. Kutolewa kwa stempu si mwisho wa masharti.

Niruhusiwe kusema jambo la nyumbani. Baba yangu mdogo, marehemu sasa, alikuwa mwalimu Mbau, kaskazini ya mji wa Beni, pale njia ya Kamango inapochepuka. Katika sanduku lake, ambalo shangazi alilibeba kichwani walipokimbia mauaji yaliyoanza 2014, tulikuta bahasha moja ya wakati wa Zaire. Stempu yake ilikuwa imefutwa thamani ya zamani kwa mistari na kupigwa thamani mpya yenye sifuri nyingi. Haikuwa na muhuri. Barua ilikwenda kwa mkono, kama barua zote tulizozijua utotoni: ilipewa dereva wa lori au mfanyabiashara, aliyeipokea akampa mwingine. Baba mdogo alinunua stempu akaibandika, akiwa anajua kwamba haitamfikisha mtu popote. Nilipokuwa mdogo niliona ni ujinga. Siku hizi nadhani aliona barua bila stempu haina heshima ya barua.

Chapa zile za sifuri zilikuwa semi za serikali ambazo msemaji wake alikuwa na mamlaka yote, na ni wasikilizaji waliochoka. Oktoba 1993 zaire mpya ilipoletwa, moja kwa milioni tatu za zamani, Kasai zilikataa kabisa kuipokea. Hata mvunjiko huo una mahali pake katika nadharia, ingawa Austin alikuwa na watu wa Oxford akilini mwake.

Sasa jibu la swali la mwanafunzi. Stempu ya RUANDA ya 1916 haithibitishi kwamba Rwanda ilikuwa Kongo, wala kwamba Kongo ilikuwa Rwanda. Haisemi neno lolote juu ya mpaka. Mpaka wa Kivu ulikuwa umekubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, bila ya mwenyeji yeyote mezani, na vita vya 1916 havikuubadili. Karatasi ya Kongo ilitumika kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ghalani. Hata sheria ya 1925 iliyoiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala haikuziunganisha stempu; kila upande uliendelea na zake hadi mwisho. Kinachothibitishwa ni kwamba mwanajeshi mmoja alitaka kuzitaja nchi mbili kwa majina yake mwenyewe, na kwamba wakubwa wake walipendelea nchi hizo ziendelee kuitwa mali ya adui mpaka itakapojulikana zitauzwa kwa bei gani.

Nililisema hilo semina iliyofuata. Yule wa tatu, aliyedai kwamba stempu ni ya bandia, alinyosha mkono akauliza: kama chapa imeghushiwa juzi na mfanyabiashara wa Ulaya ili kuwauzia wakusanyaji, je, nayo ni tendo-usemi? Nilimwambia aandike kurasa kumi. Ameandika kumi na saba, na fotokopi imegundishwa katika ukurasa wa nne, mwenyewe akiidai irudi.